Kosa la Kiwanda au Kovu la Njiani?

Katika nyumba nyingi za wazee wetu kuna kopo, au chupa, au fundo la kitambaa, lenye franga za chuma za zamani. Franga yetu ya leo, iliyoanza mwaka 1998, ni ya karatasi, na watoto wetu hawajui tena mlio wa feza inayoanguka juu ya meza. Sarafu zile zimelala gizani, na wengi waliziona kama takataka. Lakini siku hizi watu wapita mitaani na vijijini wakiuliza: «Mnazo franga za Wabelgi? Mnazo zenye kosa?» Wasema kwamba sarafu iliyotoka kiwandani na kosa yanunuliwa kwa bei kupita zile zilizo sawa.

Neno hilo ni kweli. Lakini ni kweli nusu, na kweli nusu hudanganya watu kuliko uongo mzima. Maana sarafu yenye kosa la kiwanda ni moja kati ya maelfu na maelfu. Na sarafu iliyochakaa, iliyopigwa, iliyotobolewa au kuunguzwa, hiyo yapatikana katika kila kopo. Asiyejua kutofautisha aweza kuuza mali yake kwa bei ya chumvi, au tena aweza kutumaini mali isiyokuwako. Kwa kuwa nimekusanya sarafu za Kongo miaka mingi, na watu waniletea zao kuziangalia, nataka kuwaeleza namna ninavyozipima. Si kazi ya uchawi. Ni kazi ya macho, ya mizani, na ya uvumilivu.

Kwanza tujue namna sarafu inavyozaliwa. Mtu asiyejua habari za uzazi hawezi kutenga kilema cha kuzaliwa na kidonda cha kuanguka. Kiwandani, bamba la chuma hukatwa visahani vya mviringo, kama vile mama akatavyo maandazi kwa mdomo wa kikombe. Ukingo wa kila kisahani huinuliwa kidogo. Kisha kisahani huwekwa ndani ya pete ya chuma kigumu, katikati ya mihuri miwili, mmoja chini na mmoja juu. Mashini hupiga mara moja kwa nguvu nyingi sana. Chuma cha kisahani hutembea kama unga uliokandwa, chaingia katika kila shimo la mihuri, na pete yazuia kisipanuke. Kwa pigo lile moja pande mbili na ukingo huzaliwa pamoja.

Basi, kosa la kweli lina milango mitatu tu: kisahani, muhuri, au pigo. Kisahani chaweza kukatwa vibaya au kuwa cha chuma kisicho chake. Muhuri waweza kupasuka, kuzibwa na mafuta na uchafu, au kuchongwa vibaya. Pigo laweza kwenda upande, au kurudiwa mara mbili. Mtu akiniletea sarafu na kusema «ina kosa», namwuliza: limeingia kwa mlango gani? Kama hatuoni mlango, lazima tukubali kwamba jambo lile lilitokea baada ya kuzaliwa, yaani njiani, mikononi mwa watu.

Sasa tutazame alama moja moja.

Mstari. Wengi huona mstari juu ya sarafu na kufurahi. Pitisha ukucha, au tazama kwa kioo cha kukuzia. Je, mstari umeinuka au umezama? Muhuri ukipasuka, chuma huingia ndani ya ufa, na juu ya sarafu ufa waonekana kama mshipa ulioinuka. Mkwaruzo wa msumari au wa jiwe huzama. Mstari ulioinuka waweza kuwa wa kiwanda; mstari uliozama, karibu sikuzote ni wa njiani.

Herufi zinazokosekana. Muhuri ukizibwa na mafuta, herufi hazijai. Lakini jirani zake zabaki kali na mpya, na uwanja wa sarafu wang'aa sawasawa mahali pote. Tupa ya mtu ikiondoa herufi, huacha mikwaruzo midogo na bonde. Na matumizi ya kila siku yana desturi yake: hula kwanza palipoinuka. Nywele na shavu la mfalme, kichwa na sikio la tembo, hizo hutangulia kufutika, na herufi za ukingoni hufuata. Ukiona mahali pa juu pamelainika na mahali pa chini pangali na alama zake, usitafute kosa. Ni mikono ya watu elfu waliokwenda sokoni.

Pengo la ukingoni. Mashini ya kukata visahani ikikata juu ya tundu la kisahani kilichotangulia, kisahani kipya hupungukiwa upande mmoja, kama mwezi ulioumwa. Hilo ni kosa la kweli, na lina shahidi: tazama ng'ambo ya pengo, mara nyingi utaona ukingo wa upande ule nao ni zaifu, kwa sababu chuma hakikubanwa vizuri. Na herufi zilizo karibu na pengo hulegea na kuinama kuelekea pengo. Lakini mtu akikata sarafu kwa mkasi wa bati, herufi hukatika gafula kama kidole kilichopigwa panga, na ng'ambo ukingo ni mzima.

Mapigo na mabonde. Hapa kuna kanuni moja nzuri: nyama ya chuma haiyeyuki hewani. Sarafu ikigongwa na nyundo, chuma kilichotoka katika bonde kimesukumwa pembeni, nawe utakiona kimevimba kandokando. Kazalika kwa matundu. Sarafu nyingi za Kongo zina tundu la haki katikati: zile za shaba za wakati wa Leopold II, tangu 1887, na zile za santimu 5 na 10 zilizofuata, za shaba iliyochanganywa na nikeli. Tundu hilo si kosa wala jeraha. Maandishi yamepangwa kulizunguka. Lakini tundu lililo karibu na ukingo, lenye midomo iliyopinduka, ni la mtu aliyetaka kuvaa feza yake shingoni.

Sura iliyogeuka. Pengine wataona upande mmoja wa sarafu una sura iliyozama na kugeuka, kama katika kioo. Kosa la namna hiyo lipo: sarafu iliyokwisha kupigwa hubaki imeganda katika muhuri, na yenyewe yapiga kisahani kinachofuata. Lakini mafundi wachokozi hubana sarafu mbili katika jiriwa na kupata kitu kinachofanana nalo. Geuza upande wa pili. Katika kosa la kweli, upande wa pili una picha nzima na nzuri, kwa sababu ulipigwa na muhuri wake. Katika ujanja wa jiriwa, upande wa pili umelala na kubonyea.

Herufi mbilimbili. Mwaka 1955, katika kiwanda cha Philadelphia, Marekani, muhuri mmoja wa senti ulitengenezwa vibaya. Muhuri huo hupata picha yake kwa kubanwa na muhuri mama. Ulibanwa mara mbili bila kulingana sawa, na tarehe na maneno yakawa mawili mawili. Senti hizo, yapata 20,000 hivi, zilitoka kiwandani. Ndani yake kila herufi ni mbili kamili, zenye mviringo wao. Lakini mara nyingi tuonapo herufi mbili, ni kwa sababu mashini ilitikisika wakati wa pigo: hapo herufi ya pili ni kama ngazi iliyolala, na imekula mwili wa ile ya kwanza. Hiyo haiongezi bei.

Tena kuna kanuni ya undugu, ambayo mimi naipenda kuliko zote. Kosa la muhuri lina ndugu. Muhuri mmoja hupiga maelfu ya sarafu, na zote hubeba kilema kilekile, mahali palepale. Kidonda cha njiani hakina ndugu. Mwaka 1937, kiwandani Denver, fundi alisugua muhuri ili kuondoa alama mbaya, akafuta pamoja nazo mguu wa mbele wa nyati aliye katika feza ya senti 5. Nyati akabaki na miguu mitatu. Watu walipoona bei yake, wengine wakachukua sarafu nzima na kukata mguu kwa kisu. Lakini hawakujua kwamba wale nyati wa kweli wote wana vinundu vidogo chini ya tumbo, vilivyotoka katika muhuri uleule. Mwongo alikata mguu, akasahau vinundu. Njia ya mwongo ni fupi.

Mwisho, chuma chenyewe. Na hapa hadisi yatugusa sisi wa Kongo. Mwaka 1943, wakati wa vita, Ubelgiji ilikuwa chini ya Wajerumani, na franga 2 za Kongo zilipigwa kulekule Philadelphia. Ndizo zile za shaba ya manjano zenye tembo na pembe sita. Mwaka ule ule Marekani ilihitaji shaba kwa risasi, nayo senti zake zikapigwa kwa chuma cha pua kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vilikuwa vimekwama katika vyombo vya kiwanda. Vikapita katika mashini pamoja na vile vya chuma, zikatokea senti za shaba za 1943. Zinazojulikana ni makumi machache tu, na bei yake ni kubwa sana. Na mwaka 1944 visahani vya chuma vilivyobaki vilitumiwa kupiga franga 2 za Ubelgiji, milioni 25, kwa ajili ya nchi iliyokuwa ikikombolewa.

Kwa hiyo, je, walaghai hawakupaka shaba juu ya senti za chuma? Walipaka, na wengine walichonga 8 ya mwaka 1948 iwe 3. Lakini sumaku haidanganyiki: huvuta chuma hata kikivaa kanzu ya shaba. Na mizani haidanganyiki: senti ya shaba ina uzito wa gramu 3.11, ya chuma gramu 2.7 hivi. Tazameni, sumaku ndogo na mizani ya mfua zahabu zaweza kuokoa mtu kuliko maneno mengi.

Sasa nitawaambia kwa nini naandika haya. Mama mmoja, mjane wa parokia yetu, alinifuata baada ya Misa ya Jumapili. Mkononi alikuwa na sarafu ile ya 1943 yenye pembe sita. Aliniuliza: «Mwalimu, ni kweli kwamba pembe hizi ni kosa la kiwanda? Na huyu tembo mbona hana mkonga?» Mtu mmoja alikuwa amemwambia kwamba Ulaya watu watatoa feza ya kununua nyumba, lakini kwanza lazima yeye alipe makaratasi na safari. Mama alikuwa na feza kidogo, aliyoiweka kwa ajili ya mtihani wa Serikali wa binti yake. Mtu yule alikuwa anarudi Jumanne kuichukua.

Tukaketi kibarazani. Nilimwonyesha sarafu nyingine tatu za mwaka ule, zote zenye pembe sita. Ndivyo zilivyoamriwa, na zile za duara zilikuja baadaye, mwaka 1946. Nikampa kioo cha kukuzia atazame mwenyewe, maana sikutaka aniamini mimi kwa upofu kama vile alivyotaka kumwamini yule. Akaona mkonga haukufutwa wote. Kivuli chake kipo, kimelainika, na kichwa cha tembo kimelainika vilevile, na pembe zote sita zimekuwa butu. Akanyamaza. Kisha akasema: «Basi ni feza iliyotumika tu.» Nikamjibu: «Ndiyo, Mama. Imetumika sana.» Uso wake ulianguka, nami niliona uchungu, kwa sababu kumwondolea maskini tumaini si jambo dogo, hata likiwa tumaini la uongo. Lakini siku ya Jumanne feza ya binti ilikuwa imekwisha kulipwa shuleni.

Msizani kwamba mimi huwaambia wote «hapana». Kijana mmoja mvuvi alikuwa na franga 1 ya alumini, ile yenye mchikichi, ya miaka ya 1950. Watoto wa kwao waliichezea, kwa kuwa waliona «imeharibika». Mchikichi ulikuwa umesogea upande mmoja, herufi nyingine zimetoka nje ya ukingo, na upande wa pili palibaki uwanja mtupu kama mwezi mwandamo. Nilitazama kwa muda mrefu. Pande zote mbili zilisogea pamoja, kuelekea mahali pamoja. Sarafu ilikuwa pana kuliko wenzake, kwa kuwa pete haikuibana. Uzito haukupungua. Herufi zilizobaki zilikuwa kali, wala hapakuwa na alama ya tupa. Mlango ulikuwa zahiri: pigo lilikwenda upande. Nikamwambia: «Ndugu yangu, hii ilizaliwa hivi.» Sikumtajia bei, kwa sababu bei ni ya wanunuzi, nami si mnunuzi. Nilimwandikia katika karatasi ni kitu gani na kwa sababu gani, nikamshauri aonyeshe watu wawili au watatu mbele ya kuuza, tena asimwachie mtu yeyote sarafu mkononi.

Kuna na zile ambazo hazina kosa wala haziwezi kuwa nalo. Wazee wetu wa Katanga waliyeyusha shaba na kuimwaga katika vielezo, wakapata misalaba. Misalaba hiyo imeonekana katika makaburi ya kale ya Sanga, katika nchi ya Upemba. Hakuna msalaba ulio sawasawa na mwenzake: mmoja mnene, mmoja mwembamba, mwingine mkono wake mfupi. Msikubali mtu awaambie kwamba mmoja ni «kosa» na kwa hiyo ni gali. Kosa lahitaji sheria. Pasipo muhuri mmoja unaoamuru wote wafanane, tofauti ni kazi ya mkono tu.

Basi nawapa mashauri machache. Msisugue sarafu za zamani kwa majivu na ndimu ili zing'ae. Mwaondoa ngozi yake, na hata yenye kosa la kweli hupoteza bei. Sarafu za alumini hujikunja na kukwaruzika upesi, kwa hiyo mzishuku mara mbili. Linganisheni sikuzote na sarafu nzima ya mwaka uleule. Mkimpelekea mtu picha kwa simu, pigeni pande zote mbili na ukingo pia. Na yeyote anayedai feza mbele ya kununua, huyo hanunui. Anauza, na anachouza ni maneno. Wazee walisema: tamaa mbele, mauti nyuma.

Na ninyi vijana mnaojua kushika tupa na jiriwa, nisikilizeni. Kuharibu sarafu kwa makusudi na kuiuza kama kosa la kiwanda si akili ya biashara. Ni kuvunja amri ya saba na ya nane kwa pigo moja. Mzungu atakayeinunua huko mbali ni jirani yako vilevile.

Katika kazi hii nimejifunza neno lisilohusu feza. Nilipokuwa nafundisha, mara ngapi nilisikia wakubwa wakisema juu ya mtoto: «Huyu alizaliwa mwizi», «Huyu ni mjinga tangu tumboni.» Nao hawakuuliza ni nani aliyempiga, ni njaa gani aliyolala nayo, ni vita gani iliyomkimbiza usiku. Waliona kovu wakaliita umbo. Hatumfanyii franga ya chuma hivyo. Twaichukua, twaipeleka penye mwanga, twaitazama pande mbili kabla ya kuihukumu. Je, mtu hastahili zaidi? Bwana wetu alipoonyeshwa dinari aliuliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Sarafu ikichakaa sana sura ya mfalme yaweza kufutika kabisa. Lakini sura ambayo Muumba aliipiga ndani ya mtu, hakuna njia, wala nyundo, wala mikono ya watu elfu, iwezayo kuifuta yote.

Basi fungueni makopo yenu, wapenzi wasomaji, mkatazame kwa utulivu. Wengi hamtapata mali. Lakini msikubali tena mtu kuja mlangoni kwenu kuwaeleza kitu kilicho mkononi mwenu, nanyi mnayo macho.